Gari la Baba Lilirudi kwa Kamba

Juzi nilikuwa jikoni nazigeuza kaimati kwenye shira, mjukuu wangu Zuhura akaingia ametoka kazini bila ya kuosha mikono. Zuhura huendesha boza la maji huku kwetu Mtopanga. Madereva wanaume humpisha njia, na asiyempisha hujuta, nasema bila haya kwa sababu ni mjukuu wangu na nimemlea mimi. Siku hiyo pampu ya kusukuma maji ilikuwa imemmwagikia petroli mkononi mpaka kiwikoni. Ile harufu ya petroli ikaja ikakutana na harufu ya iliki juu ya karai langu, na mimi, mtu niliyezika mume na wazazi kwa macho makavu, nikajikuta nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, nalia kama kitoto.

"Nyanya! Umeungua?"

"Nimeungua zamani," nikamwambia. "Nenda kaoge."

Hajui. Hawa wa leo hawajui kwamba petroli na iliki, kwa mtu wa rika langu aliyekulia Shika Adabu, upande wa Likoni, ndiyo harufu ya baba. Nyinyi mliokunywa yale maziwa ya pakiti ya pembetatu shuleni, mliomsikia babenu akirudi nyumbani kabla hamjamuona, nyinyi ndio ninaowaandikia. Mimi shule niliiacha katikati, sina maneno ya wasomi. Nitasema nilivyoona.

Baba yangu alikuwa dereva wa mbio za magari. Jina lake Salimu, na watu walimwita Salimu Kona, kwa kuwa wengine wakifika kwenye kona hupunguza mwendo, yeye alikuwa kama ndiyo kwanza ameamka. Alianza kwa utaniboi kwenye malori ya Changamwe, kupanda na kushuka, kuweka jiwe chini ya tairi, kupigwa makofi na madereva. Usukani aliuiba kwa macho. Halafu siku moja dereva wao aliugua homa njiani, lori limejaa saruji, na baba akalichukua akalishusha mpaka bandarini kama anashusha mtoto kitandani. Hiyo ni hadithi yake mwenyewe, lakini nimeisikia kwa wengine pia na haikubadilika.

"Barabara huonwa kwa makalio," alikuwa akisema. "Macho ni ya kutazama ng'ombe."

Na masikio. Masikio yake yalikuwa ya kutisha. Alasiri akiwa hana kazi alikuwa akinikalisha mbele ya nyumba, ananifunika macho kwa kiganja chake, kiganja kigumu kama kibao cha mbuzi ya nazi, chenye ile petroli isiyotoka kwa sabuni yoyote. Gari likipita barabara kuu ya kwenda Ukunda ananiuliza:

"Mishi, gari gani hilo?"

"Lori, baba."

"Lori najua. Limebeba au tupu?"

"Limebeba."

"Gia ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Dereva wake yuko je?"

Hapo mimi hucheka, kwani nitajuaje hali ya mtu nisiyemuona? Naye husema, "Amechoka huyo. Sikiliza akanyagavyo klachi. Huyo ataka kwake." Na nikifungua macho, kama gari limesimama pale dukani, dereva anashuka anajinyoosha mgongo, hoi. Nilidhani baba yangu ni nabii.

Gari la mbio halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri yake, Bwana Gulam, muuza spea wa Changamwe, mtu mnene mwenye sauti ya kitoto, aliyependa jina lake liandikwe ubavuni mwa gari kwa herufi kubwa kuliko milango. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la samawati, limekwishapitia mikono ya watu wengi kabla ya kufika kwa baba. Magari ya wenzake wa Nairobi yalikuwa mapya, yana mafundi wa kuyafuata na magurudumu ya akiba yamepangwa kama mikate. Baba alikuwa na Kombo. Kombo alikaa kando yake na kumsomea njia, maana baba hakujua kusoma ramani ya Kizungu, na gari likiharibika, baba na Kombo wote wawili ndio mafundi, chini ya jua, kwa nyundo na waya.

Na gari liliharibika. Liliharibika kila mara. Ndivyo ilivyokuwa kazi ya baba yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, na atakayewaambia vinginevyo alikuwa anampenda tu. Aliwaacha watu wa Nairobi nyuma, redio ikamtaja, watu wa Likoni wakatoka majumbani, kisha rejeta ikapasuka. Mara nyingine gia boksi, mara nyingine kamba ya feni, kitu kisichozidi urefu wa mkono wangu. Hakumaliza mbio hata moja. Mtu aliyekuwa na kipaji kama kile, wallahi hakuuona mstari wa mwisho ila kwa miguu.

Lakini mimi sikujua. Hapa ndipo ilipo hadithi yangu.

Mimi nilijua baba anashinda kila mara. Sikuambiwa na mtu, nilijionea. Mbio zikiisha, gari la samawati lilikuwa likirudi kwetu, si kwa mwendo wake, limefungwa kamba nyuma ya lori. Lilivuka feri hivyo hivyo, polepole, baba amekaa ndani ameshika usukani, hatazami kushoto wala kulia, watu wakimwangalia. Mimi nilikuwa nimekwishaona arusi. Bibi arusi haendi mwenyewe, hushikwa mkono akaongozwa na somo, kungwi wake, ameinamisha macho, na jinsi anavyokwenda polepole ndivyo thamani yake inavyokuwa kubwa. Nikaona basi, na gari ni hivyo. Magari ya hivi hivi huenda yenyewe. Gari lililoshinda huvutwa.

Tena, likifika, mama alikuwa ameshateka maji, amefukiza udi, na karai liko motoni. Watoto wa mtaa mzima waliitwa. Mkeka ulitandikwa uani, tukakalishwa duara, na mama akatoka na sinia la kaimati zinang'ara shira na kunukia iliki, akatugawia kwa mkono wake, kila mtoto kiganja tele. "Kuleni, wanangu. Semeni amin." Tukasema amin kwa mashavu yaliyojaa. Baba akipita kati yetu kwenda kuoga, ananuka petroli na moshi, mimi nilikuwa nikimshika kanzu ya kazi watoto wenzangu wamuone vizuri. Nani angetilia shaka? Udi, kaimati, watu wengi, na baba mtulivu kama bwana arusi. Kama huo si ushindi, ushindi ni upi?

Niliyaringia hayo mpaka chuoni, kwenye Kurani. Siku moja mwalimu ametoka kidogo, tumeachwa na juzuu zetu, nikamwambia Maimuna, binti wa jirani, kwamba baba yangu ameshinda tena Jumapili. Maimuna alikuwa mkubwa kunishinda, ana meno yaliyopishana na ulimi wa wembe.

"Ashinda nini?" akasema. "Babako ashindwa! Wewe Mishi una wazimu?"

"Walikula kaimati zetu hao wasemao hivyo."

"Nimekula. Tamu. Na babako ameshindwa." Kisha akaanza kupiga kibao cha kuandikia kama ngoma: "Gari la kamba! Gari la kamba! Kama mbuzi wa Idi!"

Chuo kizima kikaitikia. Mwalimu aliporudi alitukuta wote twapiga kelele, mimi kwa kilio. Tukachapwa sote, na Maimuna akanikonyeza.

Nikaenda nyumbani mbio. Mama alikuwa anachambua mchele. Jina lake Fatuma, mwanamke mfupi, mwenye macho maangavu, hasemi neno mara mbili.

"Mama, baba ashinda au ashindwa?"

Hakuinua uso. "Nani amekuuliza?"

"Maimuna."

"Maimuna ale anyamaze." Akapuliza makapi yakaruka. "Babako alikwenda, babako akarudi. Ana mikono miwili na miguu miwili. Wewe wataka ushindi gani?"

Nikaridhika. Mtoto ukimpa maneno yenye uzito wa kutosha huridhika, hata kama hayakujibu alichouliza.

Sikujua wakati ule habari ya mjomba Bakari. Alikuwa kaka yake mama, wamenyonya ziwa moja, na ndiye aliyemleta baba nyumbani kuposa. Walikuwa mataniboi wa lori moja. Lori lile lilipinduka huko Taru, baba akarushwa majanini, na mjomba akarudishwa kwa nyanya yangu amefungwa ndani ya mkeka, mkeka wenyewe ni mfupi. Mama aliona nyayo za kaka yake kabla ya kuambiwa lolote. Mtu aliyeona hivyo, mume wake akimwambia anakwenda kushindana kwa mwendo na watu wasiomjua, atafanya nini? Akimkataza, atamvunja moyo. Akinyamaza, atapasuka yeye.

Basi kukaja zile mbio za mwisho. Bwana Gulam alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kiti chetu cha pekee chenye mgongo, akanywa chai, akasema na baba huku Kombo akisikiliza.

"Salimu, mimi nimechoka kuvuta gari. Watu wananicheka. Safari hii maliza. Sitaki uwe wa kwanza. Hata wa tano, hata wa mwisho, lakini maliza. Ukimaliza, nimekwishazungumza na watu, gari jipya linakuja, na wewe ndiye utakayeliendesha. Usipomaliza, nina kijana wa Nairobi."

"Nitamaliza," baba akasema.

"Inshallah," akasema Kombo haraka haraka, maana baba alikuwa ameisahau.

Mwisho wa mbio ulikuwa kwetu kule kule Likoni, kwenye uwanja wa mpira. Magari yangetoka bara, yashuke Kwale, yapite Kombani, Waa, Ng'ombeni, yaje Shika Adabu mbele ya mlango wetu. Ilikuwa kama Mungu amemchorea baba njia ya kwenda nyumbani. Mtaa haukulala kwa furaha. Hata Maimuna alikuja kuniambia, "Leo atashinda kweli kweli, Mishi," na hiyo kweli kweli ikanichoma, lakini nikaipokea.

Wiki ile mama alinunua mbuzi. Beberu mweusi mwenye doa jeupe shingoni, akamfunga nyuma ya choo. Hatukuwa watu wa kununua mbuzi. Baba alipomuona alicheka, nilimuona kwa macho yangu, akamgusa mama bega.

"Fatuma, sijamaliza bado ushanunua karamu?"

Mama akasema, "Wewe nenda. Mbuzi ni wangu."

Siku yenyewe redio ilikuwa barazani, imezungukwa na wanaume kama maiti. Nilikuwa naingia na kutoka. Mara ya kwanza ilipomtaja baba, alikuwa wa nne. Kisha wa pili. Kisha redio ikasema kwamba dereva wa Pwani, katika gari kuukuu, amempita mtu wa Nairobi wa gari la manjano kwenye kona za Kwale, na yuko mbele ya wote. Baraza likaruka. Mzee mmoja mwenye mshipa, asiyetembea bila mkongojo, akaruka pia.

Nikakimbia ndani kumwambia mama. Alikuwa juu ya msala, amekwishaswali, mikono juu, machozi yanashuka mpaka shingoni. Sikumkatiza. Nikasimama mlangoni, nikamsikia.

"Ya Rabbi, livunje. Livunje gari, mtu uniachie. Kama ulivyolivunja safari zote zile. Ya Rabbi, nimeweka nadhiri, mbuzi yuko uani. Livunje."

Nami nikafahamu, kwa akili zangu za kitoto, kwamba anaomba livunjike lile gari la manjano. Nikasema amin kimoyomoyo, nikatoka mbio kwenda barabarani.

Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Wanawake na mabuibui yao, vijana juu ya kuta, watoto miguuni. Tulisikia muungurumo kutoka upande wa Ng'ombeni. "Yuaja! Salimu yuaja!" Mimi nikafumba macho kama nilivyofunzwa, ili nimsikie kwanza. Na nikajua. Kabla ya watu wote wa Shika Adabu, mimi nilijua. Gari lile lilikuwa jipya. Dereva wake hakuwa amechoka. Nikafumbua macho, likapita la manjano, likaturushia vumbi vinywani, vigelegele vikafia hapo hapo. Likapita jingine. Likapita jingine. Wanaume wakaanza kutazama chini.

Ekseli ilikuwa imekatika Ng'ombeni. Gurudumu lilitoka likajiendea peke yake, wakasema watu walioona, likapita vibanda, likaingia shamba la mihogo na kulala. Baba alilishika gari lisipinduke, gari la magurudumu matatu, kwa mwendo ule. Kombo aliapa mpaka kufa kwake kwamba hakuna mtu mwingine Kenya nzima ambaye angelisimamisha gari lile bila kuua mtu. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote aliyoifanya baba yangu katika udereva wake, na aliifanya kwa ajili ya kusimama.

Alasiri akaja kwa kamba. Nilikuwa bado barabarani, nimekataa kuondoka. Lori mbele, kamba, gari la samawati limeegemezwa kwenye gogo mahali pa gurudumu, linakwaruza lami. Na baba ndani, ameshika usukani, hatazami kushoto wala kulia. Safari zote nilimuona hivyo nikamwita bwana arusi. Siku ile ndiyo nilimuona. Ilikuwa sura ya mtu anayepelekwa. Nikageuka nikamtafuta Maimuna, na Maimuna alikuwa analia.

Bwana Gulam hakuja nyumbani. Neno la kijana wa Nairobi alimwambia Kombo, Kombo akamwambia baba, baba akasema, "Haki yake."

Sasa nawaambia kosa, na sikumbuki kumlaumu mtu, lakini lilikuwa kosa. Sadaka za kaimati mama alizitoa kimya kimya, kwa watoto, na watoto hawaulizi. Lakini safari hii aliweka nadhiri ya mbuzi, na mbuzi wa nadhiri, kwetu, hachinjwi na mwanamke akagawa tu. Huitwa mwalimu, akasoma, wakaja na majirani. Na mwalimu wetu alikuwa mzee wa zamani aliyeshika mambo kwa meno. Kwake yeye nadhiri haikutimia mpaka mwenyewe aitamke mbele ya watu: niliomba hili, nimepewa, ninalipa. Mama alijua. Angeweza kumtoroka mwalimu. Hakuweza kumtoroka aliyemwahidi.

Tukakaa, wanaume barazani, wanawake nyuma ya pazia ya mlango, watoto kati. Baba alikuwa ameoga, amevaa kanzu nyeupe na kofia, amekaa karibu na mwalimu kama mwenye shughuli. Nyama ilikuwa tayari, yanukia. Mwalimu akasoma, akafika mahali akasita.

"Bi Fatuma."

"Labeka, mwalimu."

"Nadhiri yako ilikuwa ya nini, mwanangu?"

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akakohoa.

"Arudi salama," mama akasema.

"Alhamdulillahi, amerudi. Ndivyo ulivyoitamka? Kwa maneno hayo?"

Mwalimu hakuwa na ubaya. Alitaka dua yake iwe sawa, basi, kama fundi anayetaka kipimo. Mama angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nyumba yetu ingesalimika. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kumdanganya Mungu mbele ya sahani ya Mungu.

"Niliomba gari livunjike," akasema. "Kila safari niliomba hivyo. Safari hii niliweka mbuzi."

Nikamtazama baba. Sote tulimtazama baba. Mkono wake ulikuwa gotini. Akaufungua, akautazama kiganja, kile kiganja kilichokuwa kikinifunika macho, kisha akaufunga taratibu.

"Kumbe," akasema.

Mwalimu alikuwa ameganda, mzee wa watu. Baba ndiye aliyemwambia, kwa adabu, "Endelea, mwalimu. Watu wana njaa." Mwalimu akainua mikono, akaomba Mungu aipokee nadhiri ya mja wake Fatuma, na tulipofika mwisho baba akasema amin. Alisema kwa sauti kuliko sisi sote. Kisha akanawa, akala ile nyama, akala vizuri, akamshukuru mpishi.

Hakuendesha gari tena. Watu walidhani ni kwa kuwa Bwana Gulam amemfukuza. Walikuja wengine baadaye, wenye malori, wenye mabasi, wakamtaka, akawajibu kwa upole kwamba macho yamepungua nguvu. Macho yake yalikuwa mazima. Akapata kazi ya ulinzi kwenye godauni moja Changamwe, akawa anafungua geti malori yaingie, anafunga geti malori yatoke. Nikimpelekea chakula nilikuwa namkuta amekaa kwenye kigoda chake, mgongo ameupa barabara.

Wao wawili hawakuachana. Hawakugombana hata siku moja, afadhali wangegombana. "Chakula tayari." "Haya." "Wataka maji ya moto?" "Yatosha." Nimekulia ndani ya maneno hayo. Mimi nimeolewa, nimezaa, tumeingia miaka mingine, wao wako pale pale. Karai la kaimati mama alilipandisha juu ya kabati, na ndege wa nyumbani wakaja wakalifanya kiota.

Nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, nilijipa moyo nikamuuliza. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba. Nikamwambia, baba, Kombo ameniambia ile ekseli ilikuwa ya mtumba, imechomelewa mara mbili, na wewe mwenyewe ulijua. Basi si dua. Ungekwenda hata kwa tajiri mwingine, ukapata gari jipya. Kwa nini uliacha?

Lori likapita.

"Ekseli hubadilishwa, Mishi," akasema.

Nami sikumwambia lile lori liko gia ya ngapi, wala yeye hakuniuliza.

Alikufa kitandani, mzima wa viungo vyote, kama mama alivyoomba. Mama aliishi baada yake kwa muda mrefu. Siku moja namkanda miguu akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. "Nilimwambia Mungu anirudishie mume," akasema. "Akanirudishia." Akatoa sauti kama ya kucheka. Nikamuuliza kama anajuta, akanitazama kama ninavyomtazama mimi mtu mpumbavu. "Wewe huujui ule mkeka," akasema. Na nikawaza, na bado nawaza, kwamba kama angetakiwa aombe tena, angeomba vile vile, na baba angevunjika vile vile, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ningeweza kumwambia wewe umekosa. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Ningempata wa kumlaumu ningepumzika.

Baada ya kuoga Zuhura alirudi jikoni. Nilikuwa nimeshafuta uso. Akachukua kaimati kwa vidole, akaungua, akapuliza. Akanambia kuna watu wamemuona na boza lake kwenye kona za Mtopanga, wana gari la mbio, wanatafuta dereva mwanamke, Jumapili atajaribiwa. Alisema kama anasema habari ya dukani, lakini mikono yake ilikuwa inashika usukani usiokuwepo. Mikono ya baba yangu. Vile vile, gumba nje.

"Nyanya, niombee," akasema.

Mwana huyu nampenda kuliko macho yangu. Nikainua mikono. Nikaiinua mpaka usawa wa uso, inanuka iliki, naye amesimama mbele yangu amefumba macho, anangoja. Nikatafuta neno la kumwambia Mungu. Amalize? Arudi? Niliyageuza yote mawili ulimini kama kaimati ya moto, na yote mawili yaliniunguza.

Shira ilikuwa inaanza kushika sufuria. Nikapangusa uso kwa viganja.

"Amin," nikasema. Hilo tu. Zuhura akafungua macho, akanibusu mkono, akaenda zake anafurahi, anadhani nimemuombea.